Nati ya Meno 24

Mwisho wa juu wa uma wa baiskeli, pale usukani unapochomekwa, pana hesi: meno membamba yaliyochongwa kuzunguka bomba, ambayo nati hupanda juu yake ili shingo nzima isilegee. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, viwanda vingi vya Uingereza vilichonga hesi hiyo kwa meno 24 katika kila inchi. Kampuni ya Raleigh ya Nottingham ilichonga meno 26. Kipenyo cha bomba kilikuwa kilekile, inchi moja. Ukiweka nati mbili kiganjani, moja ya meno 24 na nyingine ya 26, hata fundi mwenye macho makali atapata taabu kuzitofautisha kwa kuzitazama tu.

Tofauti hujitokeza unapozungusha. Kutoka jino hadi jino, hesi ya 24 ina milimita 1.06, ile ya 26 ina milimita 0.98. Kinachopungua ni kama unene wa unywele mmoja. Mzunguko wa kwanza nati huingia vizuri, kwa sababu kila hesi huachiwa nafasi kidogo. Mzunguko wa pili inakuwa nzito. Kuanzia hapo kila mzunguko unaongeza unywele juu ya unywele, na ukifika wa sita tofauti imekuwa nusu jino: kilele kinataka kukaa pale pale kilele kingine kilipokaa. Nati haiwezi kufika huko bila chuma kimoja kukikata kingine. Mwenye haraka, au asiye na nati nyingine, huchukua spana ndefu akalazimisha. Nati inashika, tena inashika sana, na mtu anaondoka akidhani kazi imekwisha.

Nimeifuatilia historia ya meno hayo mawili kwa sababu nati ya namna hiyo ilikaa kwenye Raleigh ya marehemu babu yangu, kule Kwimba, kwa karibu miaka 40. Nilikuwepo siku ilipoondolewa. Lakini ili ieleweke kwa nini fundi alitumia siku nzima na usiku wake kuondoa kitu ambacho angeweza kukimaliza kwa nyundo mara tatu, lazima kwanza nieleze kilifikaje pale. Na safari hiyo inaanzia mbali sana na Kwimba.

*

Baiskeli ilianza na shingo kabla ya kuwa na pedeli. Mwaka 1817, Karl Drais alipotoka Mannheim, Ujerumani, juu ya chombo chake cha mbao, alikuwa akijisukuma kwa miguu yake mwenyewe. Hakukuwa na mnyororo. Kilichokuwa kipya ni magurudumu mawili yaliyofuatana, na la mbele liliweza kugeuzwa. Bila kugeuza huko chombo kisingesimama, maana baiskeli haianguki kwa sababu mwendeshaji anaigeuza kidogo kidogo, bila hata kufikiri, kuelekea upande inakotaka kuangukia. Shingo ikikaza, uwezo huo unapotea na mtu anayumba kama mlevi. Ikilegea, uma unagonga kila penye shimo na gololi zinachimba mabakuli yake.

Kutoka kwa Drais hadi kwenye baiskeli tunayoijua ilichukua karibu miaka 70. Mwaka 1885, John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alitoa Rover: magurudumu mawili yanayokaribiana kwa ukubwa, mnyororo kwenda gurudumu la nyuma, mpanda baiskeli katikati. Coventry ulikuwa mji wa saa na cherehani. Kampuni mojawapo ya cherehani mjini humo, Coventry Sewing Machine Company, ndiyo iliyogeukia vyombo vya magurudumu mawili mwishoni mwa miaka ya 1860 na hata kubadili jina. Watu waliozoea kuchonga vyuma vidogo vidogo vya kufanana ndio waliorithi kazi ya kuchonga shingo za baiskeli.

Kufanana huko hakukuwa jambo la kawaida. Zamani kidogo kila karakana ilikuwa na hesi zake, na bolti na nati yake vilikuwa kama mume na mke. Ukivitenganisha na kuvichanganya na vya mashine nyingine, kazi imekwama. Mwaka 1841 mhandisi Joseph Whitworth alipendekeza Uingereza yote itumie hesi za aina moja, na pole pole viwanda vikamfuata. Baiskeli ilihitaji makubaliano yake yenyewe, kwa sababu mabomba yake ni membamba na hayavumilii meno makubwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 chama cha wahandisi wa baiskeli, Cycle Engineers' Institute, kikaweka vipimo vya pamoja. Kwa shingo, kipimo kilichoenea ni inchi moja, meno 24. Wafaransa walibaki na mita zao: milimita 25, jino kwa kila milimita moja.

Raleigh ilikuwa na njia yake. Ilianza kwenye karakana ndogo katika mtaa wa Raleigh Street mjini Nottingham, na mwaka 1888 Frank Bowden akaifanya kampuni. Ilikua ikawa mojawapo ya viwanda vikubwa vya baiskeli duniani, ikijitengenezea karibu kila kitu yenyewe. Anayejitengenezea kila kitu hana haja ya kukubaliana na jirani. Hesi yake ya shingo ilikuwa ya meno 26, na hata vikombe vya ekseli ya pedeli vilikuwa na meno 26 wakati wengine wana 24. Hizo hesi zilikuwa nzuri na imara. Ila ukishanunua Raleigh, nati ikikupotea unarudi kwa Raleigh.

Kama umesoma riwaya ya Alan Sillitoe, *Saturday Night and Sunday Morning* ya mwaka 1958, umeshaingia ndani ya ulimwengu huo. Sillitoe alizaliwa Nottingham, na akiwa kijana alifanya kazi Raleigh. Mhusika wake, Arthur Seaton, anasimama mbele ya mashine ya kukerezea kwenye kiwanda cha baiskeli, akilipwa kwa kila kipande anachotoa, akihesabu pesa kichwani huku mikono ikiendelea yenyewe. Nilipoisoma mara ya kwanza sikuwaza Afrika hata kidogo. Niliporudia kuisoma baada ya siku zile za Kwimba, nilijikuta najiuliza vipande vya watu kama Seaton vilikuwa vinakwenda wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kiwanda kile kilikuwa kinatoa baiskeli zaidi ya milioni moja kwa mwaka, na nyingi kati yake zilipakiwa melini.

*

Sehemu ya shehena hiyo ilifika Tanganyika. Kulikuwa na bango la Raleigh lililotengenezwa kwa ajili ya soko la Afrika, likionyesha Mwafrika juu ya baiskeli ya chuma tupu akimwacha simba nyuma. Leo tunalicheka, na tuna haki ya kulicheka. Lakini wakulima wa Kanda ya Ziwa hawakununua baiskeli kwa sababu ya simba. Walinunua kwa sababu ya pamba.

Pamba ya Usukuma ilipanda sana katika muongo ule. Wakulima walichoka kupunjwa kwenye mizani za wanunuzi, wakaanza vyama vyao vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana chini ya Victoria Federation of Co-operative Unions, Paul Bomani akiwa mstari wa mbele. Mkulima akawa anapima pamba yake kwenye mizani anayoiamini na kuondoka na fedha mkononi. Fedha hiyo ilikwenda kwenye ng'ombe, kwenye mabati, kwenye ada ya shule. Na ilikwenda kwenye baiskeli, ambayo msimu uliofuata ilibeba pamba zaidi.

Babu alinunua yake katika miaka hiyo. Ina breki za vyuma, siyo za waya. Mbele kwenye kichwa cha fremu ina beji ya korongo, na mabega ya uma wake yana ule umbo la bomba la duara unaoitambulisha Raleigh hata rangi ikiwa imekwisha. Alibeba pamba, alibeba mahindi, alimbeba bibi kwenda kujifungua. Wakati nakua, baiskeli hiyo ilikuwa na umri mkubwa kuliko baba yangu mdogo, na ndiye aliyeirithi.

Halafu likaja kipindi ambacho kila familia ya Kitanzania ina hadithi zake. Mafuta yalipanda bei, vita vya Kagera vikamaliza akiba, na kufikia miaka ya mwanzo ya 1980 maduka yalikuwa na rafu tupu. Mwaka 1983 serikali, Edward Sokoine akiwa waziri mkuu, ilianzisha msako wa wahujumu uchumi. Watu wanakumbuka foleni za sabuni, za sukari, za khanga. Wachache hukumbuka kwamba hata gololi za baiskeli ziliadimika. Kuagiza vipuri kulihitaji fedha za kigeni, na fedha za kigeni hazikuwepo. Baiskeli zilizoendelea kutembea ni zile zilizolishwa viungo vya baiskeli zilizokufa.

Ni katika miaka hiyo nati ya juu ya Raleigh ya babu ilipotea au ilipasuka, na fundi mmoja, ambaye hakuna anayekumbuka jina lake, akaweka nyingine. Ilikuwa ya meno 24. Baba mdogo anakumbuka ulikuwa mwaka waliofulia majivu ya maganda ya ndizi.

*

Nati ya juu ina kazi moja: kulifunga bakuli lililo chini yake lisizunguke. Hilo bakuli la chini ndilo linalozikandamiza gololi kwa kiasi. Fundi huligeuza hadi shingo iwe laini bila kucheza, kisha nati ya juu inashuka na kuliganda mahali pake. Ile yetu haikuweza kushuka. Ilipanda mizunguko miwili na ushee, ikakwama, ikaacha nafasi kati yake na bakuli. Nafasi hiyo ilijazwa vitu, na vitu hivyo vikadumu miaka mingi. Vilipochakaa, bakuli likabaki huru. Kila usukani ulipogeuka, bakuli liligeuka nalo kidogo, leo likilegea, kesho likijikaza lenyewe.

Baba mdogo husafirisha maziwa kila alfajiri, madumu mawili ya lita 20, moja kila upande wa keria. Asubuhi moja, akishuka kuelekea daraja, bakuli lilijikaza akiwa kwenye kona na usukani ukagoma kurudi. Maziwa yote yalimwagika na bega lake likateguka. Nilikwenda kumjulia hali wiki tatu baadaye, mkono ukiwa bado kwenye kitambaa, nikakuta mgogoro nyumbani.

Shangazi alikuwa ameshaamua. "Uma mpya upo dukani kwa bei ya majogoo mawili," alisema. "Utoeni huo, uuzwe kilo. Kaka yangu akifa barabarani, hiyo baiskeli ya baba itanifaa nini?"

Baba mdogo hakubishana naye juu ya kufa. Alibishana juu ya uma. Alisema uma za siku hizi ameziona zikipinda kwa mzigo wa dumu moja, na kwamba ule wa zamani haujawahi kupinda hata siku moja. Nadhani kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulisema. Kwenye ile fremu, kila kitu kilichoweza kubadilishwa kilikuwa kimeshabadilishwa: magurudumu, kiti, pedeli, mnyororo, madigadi. Kilichobaki cha babu ni fremu na uma.

Tukaipeleka kwa mzee mmoja mjini Ngudu, anayefanya kazi chini ya mwarobaini. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua macho kutoka kwenye shingo ya baiskeli, kama daktari anayeanza na jeraha. Baba mdogo akamweleza. Mzee hakushika spana. Alifungua kopo la zamani la Blue Band lililojaa nati, akachagua, akaacha, kisha akachukua kipande cha bomba kilichokatwa kutoka kwenye uma mwingine wa Raleigh. Akakilaza ubavuni mwa hesi iliyoonekana juu ya nati, meno kwa meno, akainua kichwa cha baiskeli kuelekea kwenye mwanga. Hapakupita hata mstari wa jua.

"Bomba ni la ishirini na sita," alisema. "Sasa tuone mgeni wake."

Akachukua rula yenye inchi na msumari, akahesabu. Kwenye nusu inchi ya bomba kulikuwa na meno 13. Yangekuwa 12 kama bomba na nati vingekuwa ndugu.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuondoa usukani. Usukani wa zamani unashikwa ndani ya bomba la uma kwa kipande kama namba 7, na ndani yake kuna bolti ndefu inayovuta kabari kutoka chini. Mzee alilegeza bolti ile mizunguko mitatu tu, akaweka kipande cha ubao juu yake, akagonga mara moja. Kabari ilianguka na usukani ukatoka kama jino la mtoto. "Wengi wanaifungua bolti yote," aliniambia. "Halafu kabari inabaki chini, hawana cha kuigonga nacho."

Akamimina dizeli iliyochanganywa na mafuta ya breki kuzunguka nati, akafunika kwa kitambaa, akatuambia turudi kesho.

Kesho yake alijaribu kuifungua kwa robo ya mzunguko. Ilikwenda. Nilidhani tumeshinda, lakini mzee alisimama papo hapo, akapitisha kidole juu ya hesi na kutuonyesha: unga wa chuma, unaong'aa. Akatoa spana akaiweka chini.

Hapa ndipo nilipoelewa ugumu wa kuondoa kitu kilichowekwa vibaya. Nati iliyolazimishwa kupanda haishuki kwa njia iliyopandia. Imeshachonga njia yake ya uongo juu ya ile ya kweli, na ukiirudisha nyuma inakwangua mara ya pili meno yale yale iliyoyaumiza. Ukiendelea, nati itatoka mikononi mwako, na bomba litakuwa laini kama kijiti cha sukari guru. Hapo shangazi atakuwa sahihi: uma unauzwa kilo.

Mzee akaamua nati ife, bomba liishi. Alivunja kipande cha wembe wa msumeno wa chuma, akakizungushia mpira wa tairi la ndani kiwe na mshikio, akaanza kukata ubavu wa nati kutoka juu kwenda chini. Polepole, kwa mikato mifupi. Alipokaribia meno ya bomba alikuwa akiacha kila baada ya mikato miwili na kupuliza unga, akitazama rangi. Hakukata hadi mwisho. Aliacha utando mwembamba kama karatasi, kisha akafanya hivyo hivyo upande wa pili. Ilichukua saa mbili na zaidi. Mwishowe akaingiza tindo kwenye mpasuo, hakugonga, aliigeuza tu kama ufunguo. Nati ikapasuka vipande viwili na sauti ndogo.

Chini yake tulikuta washa tatu, mbili za chuma na moja iliyokatwa kwenye mpira wa kandambili, na bati lililokunjwa mara nne, bado lina rangi ya bluu upande mmoja. Baba mdogo alicheka. Nami nilicheka, nikasema aliyefanya kazi ile alikuwa mharibifu.

Mzee hakucheka. Alilikunjua bati kwa ncha ya bisibisi na kulitazama. "Huyu hakuwa mjinga, mwanangu," alisema. "Aliona nati haifiki, akaziba. Mwaka ule mimi mwenyewe nilifunga gololi kwa punje za risasi za gobore. Wewe ulitaka afanye nini?"

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya siku ile. Tukiangalia kitu kilichokaa vibaya, haraka sana tunatafuta mzembe. Mara nyingi kuna mtu aliyekuwa na tatizo asubuhi ile na kopo la nati ambalo halikuwa na nati sahihi. Makosa ya nati ile yaligawanyika njiani: makubaliano ya vipimo yaliyoacha kiwanda kimoja nje, melikebu zilizoleta baiskeli bila kuleta vipuri vya kutosha, fedha za kigeni zilizokwisha, na mwishoni mtu mmoja mwenye spana ndefu. Hilo halimsafishi kabisa yule fundi. Bega la baba mdogo liliteguka kweli. Lakini aliyekuja kuondoa kazi yake aliianza kwa kuisoma.

Kilichobaki kilikuwa kuponya hesi. Meno matatu ya juu yalikuwa yamelala. Chini yake, pale nati haikuwahi kufika, meno yalikuwa mazima kama yalivyotoka Nottingham. Mzee alirudi kwenye kopo lake, akatoa nati ya Raleigh iliyokatwa nusu kwa nusu tangu zamani, nusu zake zimefungwa pamoja kwa mpira. Alizikumbatisha kwenye meno mazima ya chini, akazibana kwa koleo la kujifunga, akatia mafuta, kisha akazizungusha kwenda juu. Zikipanda kutoka kwenye meno mazima, hazikuweza kupotea. Ziliyafikia meno yaliyolala zikiwa tayari kwenye njia ya kweli, zikayainua moja baada ya jingine. Alirudia mara kumi, labda na zaidi. Jino la juu kabisa halikupona, akalisawazisha kwa tupa. Mengine yalitosha.

*

Siku zote mbili, hatua chache kutoka hapo, mjukuu wa mzee alikuwa akihangaika na baiskeli ya gia iliyotoka kwenye kontena la mitumba. Shingo yake haikuwa na hesi hata moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mfumo uliobuniwa na Mmarekani John Rader uliingia sokoni kupitia kampuni ya Dia-Compe kwa jina la Aheadset, na ndani ya miaka michache ulitawala baiskeli za milimani. Bomba la uma ni laini tupu, kwa kawaida inchi moja na moja ya nane. Usukani unalikumbatia kwa nje. Ndani ya bomba kunapigwa nati yenye umbo la nyota, matabaka mawili ya chuma cha springi ambacho ncha zake zimeinama kuelekea juu. Bolti ya kifuniko inaivuta nyota, usukani unashuka, gololi zinakandamizwa kwa kiasi. Kisha unabana bolti za ubavuni, na kazi ya nyota imekwisha.

Kwa hiyo ugomvi wa 24 na 26 umefutwa. Hakuna meno ya kuhesabu. Lakini nyota ina tabia yake: huingia, haitoki. Ncha zake zilizoinama huteleza kwenda chini na kuuma ukizivuta juu. Ile ya kijana ilikuwa imepigwa na mtu bila kuiongoza, ikakaa mshazari, bolti haikuweza kuishika. Kama bomba liko wazi chini, unaipigilia kwa fimbo ya chuma hadi itokee upande wa pili. Wengi hawafanyi hivyo. Wanaisukuma ndani zaidi, wanapiga mpya juu yake, na ile iliyokaa vibaya inabaki gizani kwa maisha yote ya baiskeli, haimdhuru mtu. Kijana naye alifanya hivyo kwa dakika tano.

Sina ubaya na njia hiyo. Kuna makosa yanayoweza kusukumwa chini na mtu akaendelea na safari. Ya babu hayakuwa ya aina hiyo. Yalikuwa yanashika usukani.

Raleigh iliacha kuunda baiskeli Nottingham mwaka 2002, na kwenye eneo la kiwanda sasa kuna majengo ya chuo kikuu cha mji huo. Kule hakuna tena anayechonga hesi ya meno 26. Mzee alitupatia nati ya 26 kutoka kwenye kopo, iliyochakaa pembe lakini mzima meno, na ikashuka kwa vidole vitupu hadi ilipogusa bakuli. Alipoulizwa bei, alitaja ya kazi tu. Nati hakuiuza. Alisema ni ya kuazima, na siku baiskeli ile itakapokufa kabisa, irudishwe.

Baba mdogo aliahidi. Shangazi alikagua shingo kwa mikono yake mwenyewe, akaigeuza kulia na kushoto mara kadhaa, akauliza kama breki nazo zimetazamwa.